Trei Mbili na Kumi na Tisa

Mama yangu hakuwahi kuhesabu kuku wake. Wala sisi watoto hakutuhesabu. Ukimuuliza ana watoto wangapi, anakwambia wako. Ukisisitiza, anakwambia wa kutosha, kisha anakuuliza kama umekunywa chai. Wakikuyu wa umri wake hawapendi kuhesabu kitu chenye uhai, wanaona ni kukitafutia balaa. Ila mayai aliyahesabu kila asubuhi, kwa sababu yai, alivyosema yeye, bado halijaamua kuwa kuku.

Trei moja huchukua mayai thelathini, na kwa mama hesabu yote ilianzia na kuishia kwenye trei. Aliacha shule darasa la tano. Mia moja kwake ilikuwa tatu na kumi, yaani trei tatu zilizojaa na mayai kumi nje. Mia moja sitini na tatu ilikuwa tano na kumi na tatu. Akiongea na mgeni aliongeza neno "trei" ili mgeni asipotee, lakini akiwa bandani, au na mimi kwenye simu, alitaja namba mbili tu akanyamaza. Mimi nilizoea. Nilizoea mpaka nikaacha kusikia, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya.

Alikuwa akiuzia maduka ya Kalimoni kwetu na machache ya upande wa Juja, na alikuwa na sheria yake moja ambayo hakuna aliyemlazimisha: kila duka litakalopata mayai siku hiyo lipate sawa na lenzake, asije mtu akasema fulani anapendelewa. Kwa hiyo kila asubuhi alihesabu, kisha akaamua. Leo maduka mawili? Matatu? Matano? Siku nyingine hesabu ilikubali vizuri. Siku nyingine ilikataa kabisa, kwa mawili ikakataa, kwa matatu ikakataa, kwa matano pia. Hizo alikuwa akiziita za pekee. Hesabu ikiwa ya pekee, alitoa yai moja, akampa mtu wa kwanza kufika getini, awe jirani, awe mtu wa kusoma mita. Yaliyobaki yakakubali kugawanywa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja mjini Thika. Nilipomsikia na za pekee zake nikamwambia zina jina kitabuni, zinaitwa namba tasa, haziwezi kugawanywa na kitu ila moja na zenyewe. Mama akaweka ndoo chini.

"Tasa? Nani aliziita hivyo? Hakuwa na mama?"

"Ndivyo zinavyoitwa, maitu."

"Si tasa hizo. Ziko peke yake tu."

Maitu ni mama kwa lugha yetu. Yeye aliniita baba, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la baba yake, na aliniita mwalimu akitaka kunichokoza, au tukifika kwenye mambo ya namba.

Likizo moja tulikuwa tumeketi mlangoni mwa banda, yeye anapangusa mayai kwa kitambaa, mimi namtazama tu kama mtu mvivu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mwalimu, hizi za pekee zina milango yao."

"Milango gani?"

Akanitajia. Ukishajaza trei zako, alisema, yatakayobaki nje yatakuwa moja, au saba, au kumi na moja, au kumi na tatu, au kumi na saba, au kumi na tisa, au ishirini na tatu, au ishirini na tisa. Saba hakuitaja kwa jina, alisema sita na moja, kwa sababu saba kwa wazee wetu ni namba ya waganga na laana. Milango minane. Trei ziwe mbili, ziwe tano, ziwe ngapi, hesabu ya pekee haijawahi kutokea mlango mwingine. "Miaka yote hii sijaona mwingine," alisema. Kisha akanitazama, na usoni alikuwa kama mwanafunzi aliyeinua mkono.

Nilicheka. Nikasema, "Maitu, hiyo si hesabu, hiyo ni trei tu."

Nikaona haitoshi, nikaongeza. Nikamuuliza, na trei moja na kumi na tisa je? Hiyo ni arobaini na tisa, imesimama kwenye mlango wako, lakini inagawanyika kwa saba. Saba mara saba. Akashtuka. "Nani anagawa kwa sita na moja?" Ni kweli, maisha yake yote hakuwahi kugawia maduka saba. Akikuta yako saba mezani anaongeza la nane au anaondoa moja. Kwa hiyo arobaini na tisa alikuwa ameiweka miongoni mwa za pekee bila kujua, yeye na hofu yake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kumshinda mama yangu kwa mayai yake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alinikuta nakunywa uji. Akasema kama mtu anayemalizia sentensi ya jana, "Sikusema kila anayesimama mlangoni ni wa humo. Nilisema wa humo hawana mlango mwingine."

Niliporudi shuleni nilichukua karatasi nikaipima. Yuko sawa. Thelathini imejengwa na mbili, tatu na tano. Chochote kisichopita kwenye milango ile minane kitagawanyika kwa mojawapo ya hizo, kwa hiyo namba tasa iliyozidi tano haina pa kutokea ila humo. Halafu nikaona jambo ambalo hata chuoni hakuna aliyeniambia. Milango yenyewe, ukitoa ule wa moja, yote ni namba tasa. Nikajaribu trei ya arobaini na mbili, ikaharibika. Ya sitini, ikaharibika, mle ndani imo arobaini na tisa ile ile. Baadaye nilisoma kwamba thelathini ndiyo ya mwisho kuwa hivyo, hakuna kubwa kuliko hiyo. Mwanamke wa darasa la tano alikuwa amekaa juu ya hazina hiyo na kitambaa mkononi. Nilikusudia kumwambia, lakini kumwambia kungekuwa kukiri kwamba nilimcheka bure, nikaona nitatafuta siku nzuri.

Badala yake tukaanzisha mchezo. Saa nne, wakati wa chai ya walimu, ananipigia simu. "Mwalimu, tano na kumi na moja. Ya kweli au ya uongo?" Mia moja sitini na moja ni saba mara ishirini na tatu. "Ya uongo, maitu." "Haiya! Basi leo hakuna wa kula bure, lililozidi nitakula mimi," anacheka, anakata simu. Ikiwa ya kweli namwambia ya kweli, naye anatoa yai la mtu wa getini. Miaka kadhaa ilipita hivyo.

Halafu akaanza kusahau. Aliunguza maziwa mara mbili, mara ya pili mpaka ukuta wa jikoni ukawa mweusi. Jumapili moja alitoka kanisani akashika njia ya kwenda mbali na nyumbani, mama mmoja wa kwaya akamrudisha. Dada yangu, anayekaa Kiuu kule Ruiru na ana kibanda chake cha nguo, alinipigia simu akilia. Akasema mama ataungua, na siku akiungua utaniambia nini? Mimi sikutaka mama atolewe Kalimoni. Yeye hakutaka mama afe na moshi. Tukakubaliana hivi: tumpeleke kliniki Thika, apimwe akili. Akionekana yuko sawa, abaki na kuku wake, tumtafutie mtu wa kumpikia. Akionekana hayuko sawa, kuku wauzwe, ahamie Kiuu. Mama tulimwambia hivyo hivyo, wazi. Akasema sawa, akavaa sweta yake ya kanisani.

Niliingia naye mimi. Daktari alikuwa kijana, mpole lakini na haraka, kwenye benchi nje watu walikuwa wamejaa. Akamwuliza leo ni siku gani, akajibu sawa. Akamwuliza ana watoto wangapi.

"Wako."

"Wangapi, mama?"

"Wa kutosha."

Kijana akaandika kitu. Nilijua kwa nini alijibu hivyo, ningeweza kueleza kwa sentensi moja, lakini niliona haya. Mwalimu mzima nianze kumweleza daktari habari za wazee na laana?

"Sasa mama, tutoe hesabu kidogo. Anza na mia, utoe saba. Ukipata jibu, utoe saba tena, hivyo hivyo mpaka nikwambie basi. Taja namba tu, usiongeze maneno mengine."

Mama akakunja uso aliposikia saba. Akafumba macho.

"Tatu na tatu," akasema.

"Mia, mama. Mia utoe saba."

"Tatu na tatu. Mbili na ishirini na sita. Mbili na kumi na tisa. Mbili na kumi na mbili. Mbili na tano."

Alizitaja kwa sauti moja, bila kukwama, kama anavyozitaja bandani. Kisha akafumbua macho akanitazama mimi, si daktari. Daktari naye akanitazama. Na mimi nikatikisa kichwa. Nilitikisa taratibu, kwa huzuni, kama watu wazima wanavyofanya mbele ya mgonjwa, kumwonyesha kijana yule kwamba tunaelewana.

Karatasi ikaandikwa sufuri kwenye hesabu. Wiki hiyo hiyo tulitafuta mnunuzi, akaja na pikapu na makreti, kuku wakaondoka huku mama amesimama getini ameshika beseni tupu. Hakulia wala hakugombana na mtu. Dada akamchukua Kiuu, ghorofa ya tatu, kwenye kibaraza kinachotazama kamba za nguo. Saa nne simu yangu ikaacha kulia.

Miezi minane baadaye mwenzangu wa somo la kompyuta alikwenda kwao kwa mazishi, nikaombwa nishike darasa lake la kidato cha pili. Somo lilikuwa besi za namba. Nikawaeleza kwamba tunahesabu kwa makumi kwa sababu ya vidole, kompyuta inahesabu kwa mbili, na mtu anaweza kuchagua kifungu chochote anachotaka, hata thelathini. Hapo sikuwa nimefikiria mayai hata kidogo. Nikaandika mia kwa besi thelathini: tatu, kumi. Nikataka mfano wa pili, na namba iliyokuja mkononi ilikuwa tisini na tatu. Nadhani ilikuwa imenikaa kooni tangu kliniki. Nikagawanya. Tatu, zikabaki tatu.

Nikaitazama ile tatu na tatu ubaoni. Nikaandika themanini na sita chini yake: mbili, ishirini na sita. Sabini na tisa: mbili, kumi na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano. Chaki ilinivunjikia mkononi. Wanafunzi walidhani naendelea na somo, wakawa wananakili. Sijawahi kukaa darasani nikifundisha, lakini siku hiyo nilivuta kiti nikakaa, na kengele ilipolia walitoka mmoja mmoja wakinizunguka.

Miaka mingapi nimemsikia mama akihesabu hivyo? Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje nisisikie, na jibu ninalo, silipendi. Siku ile kliniki nilikuwa nasikiliza ugonjwa, sikuwa namsikiliza yeye.

Jumamosi nilikwenda Kiuu. Nilimkuta kibarazani, amekonda, mikono mapajani haina kazi. Nikakaa chini kwenye simenti karibu na miguu yake.

"Maitu, siku ile kliniki, ulisema tatu na tatu."

Alifikiri muda mrefu. "Yule kijana wa koti jeupe."

"Ulikuwa sawa. Zote tano ulikuwa sawa."

"Nilijua niko sawa," akasema. "Aliniambia nisiongeze maneno, nikaacha kusema trei. Nilijua niko sawa mpaka nilipokuangalia. Ukafanya hivi." Akatikisa kichwa chake taratibu, vile vile nilivyotikisa mimi. Alikuwa ameishika vizuri. "Nikajisemea, huyu ndiye mwalimu. Kama mwalimu anatikisa kichwa, basi zimeniisha. Tangu siku hiyo sijahesabu tena."

Nililia pale chini, mtu mwenye mvi. Nikamwambia pia habari ya milango minane, kwamba ni hesabu ya kweli, kwamba mimi mwenyewe niliipima, kwamba thelathini ndiyo ya mwisho. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa akinipapasa kichwa akitazama kamba za nguo.

Nilimwambia dada kila kitu. Dada ana hasira zake lakini si mtu mbaya. Akasema, "Mrudishe apimwe tena. Akipita, mimi mwenyewe nitambebea mfuko mpaka Kalimoni, na kuku wa kwanza nitanunua mimi." Nilitoka pale na furaha. Nilikuwa nimeshapanga hata banda nitakavyolitengeneza.

Kliniki ilikuwa ile ile, daktari mwingine, msichana. Sikuona haya safari hii. Nilimweleza watoto hawahesabiwi, nikamweleza trei, nikamwandikia kwenye kikaratasi majibu yote kwa namna ya mama na kwa namna ya kitabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikampenda kwa hilo. Kisha akamgeukia mama.

"Mia ni ngapi kwa trei, mama?"

"Tatu na kumi."

"Toa saba."

"Tatu na tatu."

Daktari akaangalia kikaratasi, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti.

"Tena."

"Mbili na ishirini na sita."

"Tena."

Midomo ya mama ilikuwa ikicheza. "Mbili," akasema. "Mbili na kumi na tisa."

"Vizuri sana. Tena."

Mama alinigeukia mimi, na uso wake ukawa ule wa mlangoni mwa banda.

"Mwalimu, hii ni ya kweli au ya uongo?"

Sabini na tisa. Kwa saba zinabaki mbili. "Ni ya kweli, maitu."

"Basi toa moja umpe mtu." Akamtazama daktari kuanzia juu mpaka chini. "Mpe huyu msichana. Anaonekana hajala."

Daktari akacheka kidogo, akasema, "Asante mama. Sasa toa saba tena."

"Nitoe nini?"

"Saba, mama. Kutoka kwa mbili na kumi na tisa."

"Mbili na kumi na tisa ya nini?"

Ilikuwa imekwenda. Akaulizwa leo ni siku gani, akasema Jumapili, na ilikuwa Jumatano. Akaulizwa tuko wapi, akasema tunangoja ibada. Kila swali lilipokwisha aliniangalia, na mimi nilikaza shingo isisogee hata kidogo.

Daktari alinitoa nje ya mlango. Alisema hesabu alizotoa zilikuwa sahihi, ameandika hivyo, lakini kuna mengine mengi na mimi mwenyewe nimeyaona. Nikamwuliza, na miezi minane iliyopita? Wakati ule alikuwa mzima? Akafungua faili, akaitazama ile sufuri. Akasema hawezi kujua. Akasema wagonjwa wengine wakiondolewa kwenye kazi yao hushuka haraka, na wengine wangeshuka tu. Hawezi kujua, na akaniomba radhi, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote.

Getini kulikuwa na mtu wa mayai ya kuchemsha na ndoo yake. Nilinunua moja, nikamwacha mama kwenye benchi, nikarudi ndani nikampa daktari. Nilimwambia limetoka kwa mama. Alilipokea kwa mikono miwili.

Nilipotoka mama alikuwa amesimama, amefunga vifungo vyote vya sweta.

"Twende haraka, baba. Kuku hawajapewa maji."

"Tunarudi Kiuu, maitu. Kuku hawapo. Tuliwauza."

"Wote?"

"Wote."

"Nani aliwauza?"

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyefanya wauzwe."

Alinitazama, akiwa amekunja uso, akitafuta. Nilitamani anikasirikie. Nilitamani akumbuke aliyoniambia kibarazani, akumbuke kichwa changu kilivyotikisika, anitukane pale pale barabarani watu wakisikia. Lakini alikuwa amesahau, na uso ukalainika.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Lazima ulikuwa na sababu."

Akanishika mkono tukavuka barabara.